Asilimia 60 ya Jumapili, na kwa nini inanitisha kuliko 80 ya Jumamosi

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Utabiri wa wikendi hii unasema uwezekano wa mvua Jumamosi ni asilimia 80 na Jumapili asilimia 60, jumla milimita 60 hadi 90 kwa siku zote mbili, na kuna tahadhari ya mafuriko ya rangi ya chungwa. Lakini programu ya simu yangu inaonyesha kawingu kenye matone mawili tu. Mwezi uliopita walisema hivihivi, tukaahirisha mambo yetu yote, jua likawaka kutwa nzima. Tunakaa kama hatua mia mbili kutoka kwenye kijito ambacho siku za kawaida unakiruka bila kulowa kiatu. Nyumbani tupo mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe ambaye hatembei vizuri. Jumapili asubuhi tuna safari ya gari ya mwendo wa saa mbili, na njia inapita kwenye daraja la chini. Mume wangu anasema siku mbaya ni Jumamosi, Jumapili asilimia imeshuka, twende. Yuko sahihi? Na hiyo asilimia 80 ni asilimia 80 ya nini hasa?

Jibu: Dada yangu, nianze na la mumeo, maana ndilo lenye haraka. Hesabu yake ya mvua iko sawa, ya maji ndiyo imekosewa. Jumapili kweli ina uwezekano mdogo zaidi wa mvua, na bado kwa daraja lenu la chini ndiyo siku ninayoiogopa. Safari msiifute leo Ijumaa. Iacheni ining'inie mpaka Jumapili asubuhi, muwe mmeshakubaliana tangu sasa ni jambo gani likionekana mtabaki nyumbani. Ukiacha uamuzi wa namna hiyo ufanyike pale darajani, watoto wamekaa nyuma na mnasubiriwa huko mwendako, utafanyika vibaya.

Sasa asilimia. Themanini haina maana kwamba mvua itanyesha kwa sehemu kubwa ya siku, wala kwamba itakuwa kubwa. Ukisimama mahali pamoja ndani ya eneo la utabiri kwa muda uliotajwa, uwezekano wa kuangukiwa na mvua inayopimika ni 80 kwa 100. Basi, hakuna zaidi. Na hiyo "inayopimika" ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kwa kawaida huanzia sehemu moja au mbili za kumi za milimita, manyunyu ya kulaza vumbi. Kwa hiyo siku ya asilimia 90 inaweza kupita na rasharasha, na siku ya asilimia 30 ikaleta gharika. Anayetafuta ukubwa wa mvua ndani ya asilimia anautafuta mahali usipokuwepo.

Namba yenyewe hatuiokoti. Kompyuta hupewa hali ya hewa ya sasa kisha huagizwa kuipeleka mbele, na kazi hiyo hurudiwa mara nyingi, kila mara hali ya kuanzia ikiwa imetikiswa kidogo. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa kinachofahamika kama ECMWF huendesha hesabu 51 sambamba, moja ya msingi na 50 zilizotikiswa. Hesabu 41 zikileta mvua juu yenu na 10 zikawaacha wakavu, 80 inazaliwa hapo, ingawa mtabiri bado ataipima kwa uzoefu wake kabla ya kuitoa. Kwa nini kutikisa? Kwa sababu ya jambo alilokumbana nalo mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1961. Alirudia hesabu ya kompyuta akaingiza 0.506 badala ya 0.506127, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa iliyochapwa kwenye karatasi ilikuwa nyingine kabisa. Hatuwezi kupima anga nzima mpaka tarakimu ya mwisho, ndiyo maana tunajaribu mianzo mingi na kuhesabu ni mingapi inafika kwenye mvua.

Na lile jua la mwezi uliopita? Mtabiri akisema asilimia 80 mara kumi, mvua inatakiwa inyeshe mara nane na ikose mara mbili. Mvua ikinyesha kila mara anaposema 80, miaka nenda rudi, huyo anatabiri vibaya, alipaswa kusema 100. Nyinyi mliangukiwa na moja ya zile mbili. Najua haifariji mtu aliyekwisha kufuta shughuli yake. Nimekaa zamu za kutosha kuzijua simu za Jumatatu: mvua ikikosa zinalia mfululizo, ikinyesha kama tulivyosema hakuna anayepiga.

Tuje kwenye milimita, ambazo ndizo za kusoma kwa makini. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Paa la mita 100 za mraba likipata milimita 90 linashusha lita 9,000, yaani ndoo 450 za lita 20, kutoka kwenye nyumba moja. Chukulia kijito chenu kinakusanya maji ya eneo la kilomita tano za mraba, jambo la kawaida kwa kijito kinachorukika. Milimita 60 juu ya eneo hilo ni lita milioni 300. Zote zinatafuta njia ya kushuka, na njia yenyewe ni kale kamfereji unakokavuka bila kuvua viatu.

Lakini muda ndio unaoamua. Milimita 60 zikigawanywa sawasawa kwa saa 48 hazifiki hata milimita moja na nusu kwa saa, mvua ya kusikiliza ukiwa umejifunika. Milimita hizohizo zikishuka ndani ya saa mbili ni 30 kwa saa, na kwa vipimo vya Shirika la Hali ya Hewa Duniani chochote kinachozidi milimita 10 kwa saa tayari ni mvua kubwa, kikizidi 50 ni mvua ya nguvu isiyo ya kawaida. Kwa hiyo unaposoma utabiri wa wikendi, ruka jumla kwanza uangalie maneno. "Mvua ya kuendelea" na "vipindi vifupi vya mvua kubwa pamoja na radi" vinaweza kuwa na jumla moja na matokeo mawili tofauti kabisa. Ukikuta "radi" na "vipindi" pamoja na tahadhari ya mafuriko, anayeandika anaona uwezekano wa maji mengi kushuka kwa muda mfupi juu ya eneo dogo, na bado hawezi kukuambia ni juu ya eneo lipi.

Kawingu ka matone mawili kanaingia hapo. Picha ya kwenye simu mara nyingi hutoka moja kwa moja kwenye kompyuta bila mtu kuigusa. Kompyuta huigawa dunia katika vigae, na hata kwenye hesabu zenye sifa kubwa kigae kimoja kina upana wa kilomita tisa hivi. Wingu la radi linaweza kumwaga mzigo wake wote juu ya sehemu ndogo ya kigae hicho, nayo kompyuta ikausambaza kama siagi juu ya kigae kizima: matone mawili. Picha hiyo inamjibu anayeuliza kama achukue mwavuli. Hakuna aliyeiuliza habari za daraja. Pale simu na tahadhari ya watabiri zinapopishana, fuata tahadhari, kwa sababu hiyo imeandikwa na mtu aliyeitazama rada, setilaiti na hali ya mito.

Sasa kwa nini Jumapili. Ardhi iliyokaa siku kadhaa bila mvua ina nafasi ndani yake, vijitundu kati ya punje za udongo vilivyojaa hewa. Mvua ya kwanza huingia humo. Tuseme Jumamosi inanyesha milimita 50 na ardhi inameza 35. Zinazobaki kutiririka ni 15. Usiku hakuna jua, hakuna kinachokauka, zile nafasi zimejaa. Jumapili inanyesha milimita 25 tu, nusu ya jana, na ardhi inaweza kumeza tano. Zinazotiririka ni 20. Mvua imepungua kwa nusu na maji ya kijitoni yameongezeka. Namba ni za mfano, kila udongo una tabia yake: mchanga hunywa haraka, mfinyanzi hunywa polepole, na mfinyanzi uliookwa na jua kwa wiki nyingi hukataa hata mvua ya kwanza kama sahani. Saruji na lami hazinywi siku yoyote. Lakini mwelekeo ndio huo, na ndiyo sababu mafuriko mengi huja siku ya pili au ya tatu ya mvua, watu wakiwa wameshachoka kuogopa.

Ongeza mambo mawili. Jumapili asubuhi kijito hakianzi kwenye kina chake cha kawaida, kinaanza pale Jumamosi ilipokiacha. Na mitaro na karavati zitakuwa zimeshakusanya matawi, mifuko na nyasi za Jumamosi. Daraja dogo halihitaji mto ujae ili lifurike. Gogo moja likae vibaya mdomoni, takataka zinase juu yake, na kwa muda mfupi daraja limegeuka bwawa, maji yakaamua kupita juu ya barabara. Kama kuna karavati karibu na kwenu na ina uchafu, isafisheni leo kukiwa kukavu. Kesho mvua ikishaanza, mtu asiingie humo kwa sababu yoyote.

Pia maji husafiri. Kijito kidogo kama chenu hupanda ndani ya saa moja au mbili za mvua kubwa, na wataalamu huita mafuriko ya ghafla yale yanayotokea ndani ya saa sita tangu mvua iliyoyaleta. Mto mkubwa zaidi, kama huo wa darajani, unaweza kuchelewa nusu siku au siku nzima, kwa kuwa unasubiri vijito vyote vya juu viufikishie mzigo. Mvua ya Jumamosi usiku kule juu ndiyo maji ya Jumapili asubuhi pale darajani, hata kama asubuhi hiyo kwenu kuna jua zuri la kuanikia nguo.

Hili la maji kuja bila mvua watu huliamini wakishaliona, kwa hiyo nikupe mfano uliopimwa. Tarehe 29 Oktoba 2024, katika eneo la Valencia nchini Hispania, kituo cha Turís kilipima milimita 771.8 ndani ya saa 24. Paiporta, mji wa bondeni kandokando ya korongo la Poyo, ulipata mvua kidogo sana siku hiyo. Korongo lenyewe sehemu kubwa ya mwaka huwa kavu. Maji yaliwafikia watu ambao hawakuwa na sababu ya kutazama juu, wengine wakiwa wameshuka kwenye maegesho ya chini ya ardhi kuyanusuru magari. Onyo jekundu la mvua lilikuwa limetoka tangu asubuhi. Ujumbe wa tahadhari kwenye simu za wakazi ulitua baada ya saa 2 usiku, wakati mitaa mingi ilikuwa imekwisha kuzama. Walikufa zaidi ya watu 220. Kwa hiyo ukipata namba ya mtu mnayefahamiana anayekaa upande wa juu wa kijito chenu, ihifadhi. Simu yake moja, akikuambia "huku imenyesha kweli", inaweza kukupa saa nzima ambayo rada haikukupa.

Kuhusu rangi, kosa ninalolisikia kila msimu ni kuidhani rangi kuwa kipimo cha mvua. Tahadhari nyingi za siku hizi hupima vitu viwili kwa pamoja, uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari likitokea. Milimita 60 juu ya ardhi kavu yenye mashamba zinaweza kupewa njano. Milimita 60 zilezile juu ya mji uliokwisha kulowa zinaweza kupewa nyekundu. Chungwa humaanisha athari za kweli zinategemewa: barabara kukatika, nyumba za mabondeni kuingiwa na maji, watu kuwa hatarini. Chungwa lisisomwe kama kituo cha kungojea nyekundu. Wakati mwingine nyekundu hutoka wakati jambo limeshaanza, na aliyeisubiri anajikuta anafungasha gizani. Soma pia maandishi chini ya rangi, hasa saa za kuanza na kuisha, maana tahadhari inayoanza Jumamosi saa 3 usiku na ile inayoanza mchana zinadai maandalizi tofauti.

Sasa nyumba yenu. Umeniambia hatua mia mbili, na huo ni umbali. Ninachohitaji kujua ni kimo. Nyumba iliyo hatua ishirini kutoka mtoni lakini juu ya ukingo wa mita nne inaweza kuwa salama kuliko iliyo hatua mia tano kwenye tambarare. Mafundi ujenzi hupima usawa kwa bomba la mpira mwangavu lililojaa maji: maji husimama kimo kimoja pande zote mbili, hata kona ikiwa katikati. Fundi mmoja mwenye mpira huo anaweza kukupimia kwa vipande, kutoka kijitoni mpaka kizingiti chenu, kwa asubuhi moja. Kama hayupo, tembea ukingoni leo utazame matawi ya vichaka. Nyasi kavu na vipande vya mifuko vilivyonasa juu kuliko kiuno chako havikupandishwa na upepo. Hiyo ndiyo alama ya maji yaliyowahi kufika, na ukiwa pale geuka uitazame nyumba: kizingiti kiko juu ya alama hiyo au chini yake?

Mtu atakuambia maji hayajawahi kufika hapo. Inawezekana ni kweli. Lakini yale yanayoitwa mafuriko ya miaka mia hayana kalenda, jina hilo lina maana ya uwezekano wa asilimia moja kila mwaka. Kaa mahali hapo miaka 30 na uwezekano wa kukutana nayo angalau mara moja unafika takribani asilimia 26. Na hesabu hiyo imefanywa kwa mvua za zamani, wakati hewa inapopata joto la nyuzi moja zaidi ina uwezo wa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi.

Vifaa viwili vya kutengeneza leo. Cha kwanza ni kipimamvua. Tafuta kopo lenye kuta wima, mdomo sawa na kitako, lisilopanuka juu kama ndoo. Liweke mahali pa wazi, mbali na paa na miti, ulitegee mawe lisianguke. Mvua ikinyesha, chomeka rula ndani mpaka chini. Milimita unazosoma kwenye rula ndizo milimita za mvua, bila kuzidisha wala kugawanya. Kama rula yako haianzi sifuri mwishoni kabisa, ongeza kile kipande kilichobaki. Soma kila saa na uandike. Kigezo changu mwenyewe, cha uzoefu tu, kisichoandikwa popote: milimita 20 ndani ya saa moja juu ya ardhi iliyokwisha kulowa, nyumba nzima iko macho na viatu viko miguuni.

Cha pili ni vijiti. Chomeka vitatu kwenye mstari kutoka kijitoni kuja nyumbani, kimoja ukingoni, kimoja katikati, kimoja hatua thelathini kutoka mlangoni, kila kimoja na kitambaa cheupe juu. Cha ukingoni kichore alama kila sentimita kumi. Mchana, kwa mbali, angalia maji yamepanda alama ngapi kwa robo saa. Alama moja kwa robo saa ni sentimita 40 kwa saa, na hapo unajua muda uliobaki kuliko utabiri wowote. Usiku mtu asishuke kijitoni. Mulika tochi ukiwa mlangoni. Kijiti cha katikati kikiwa kimesimama majini, muda wa kufikiri umekwisha, mnaondoka.

Kijito chenyewe pia hutoa ishara. Maji yakibadilika kuwa ya udongo wakati kwenu hakunyeshi, huko juu kumeshuka kitu. Vijiti, majani na povu vikielea katikati ya mkondo, maji yanapanda, maana yanaokota vitu kutoka kwenye kingo yasizozifikia siku za kawaida. Ukisikia mgongano mzito chini ya sauti ya maji, hayo ni mawe yanabiringika. Na ishara inayowadanganya wengi: mvua inaendelea, halafu kijito kinapungua ghafla. Usifurahi. Huenda huko juu kifusi au magogo vimeziba njia na maji yanajikusanya nyuma yake. Kizuizi kikiachia, yote yanakuja kwa mara moja. Hapo mnakwenda mahali pa juu papo hapo, bila kusubiri kuona.

Kwa mama mkwe sina maneno mengi. Mtu asiyetembea vizuri huhamishwa maji yakiwa bado ni habari, hasubiri yawe mlangoni. Kama alama za vichaka zinaonyesha kizingiti chenu kiko chini, alale kwa ndugu au jirani wa mahali pa juu Jumamosi kabla ya giza, pamoja na dawa zake. Mvua ikikosa, amelala ugenini usiku mmoja. Swichi kuu ya umeme izimwe kabla maji hayajafika kwenye soketi, na asiiguse mtu aliyesimama majini. Simu zijae chaji, vyeti viwekwe juu kwenye mfuko usiopitisha maji, maji safi ya kunywa yahifadhiwe mapema. Watoto wasichezee maji ya mafuriko hata yakiwa ya kifundo cha mguu: yamepita vyooni, yanabeba vijidudu vya kuhara na vya homa inayoenezwa na mkojo wa panya, na yanaficha mashimo ya mitaro iliyofunuka.

Tukirudi barabarani, kuna namba ambazo ningependa mumeo azisome mwenyewe. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuliinua gari dogo likaelea. Sentimita 60 za maji yanayokwenda kasi hubeba magari mengi, yakiwemo yale makubwa ya kupanda milima. Watu hubisha hiyo ya 30, kwa hiyo tuipige. Gari la kilo 1,200 lina sakafu ya karibu mita 1.7 kwa mita 4, yaani mita za mraba 6.8. Kila sentimita 10 za maji juu ya usawa wa sakafu hulisukuma gari kwenda juu kwa nguvu ya kilo 680 hivi. Zikifika sentimita 18, uzito wote umebebwa. Weka sentimita 15 za uwazi kati ya sakafu na barabara, jumla ni 33. Na gari halihitaji kuelea kabisa ili lipotee. Mara matairi yanapokuwa mepesi hayashiki lami, na mkondo unasukuma ubavu. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Kwenye maji ya kahawia huoni kama ni sentimita 25 au 70, wala huoni kama chini yake bado kuna barabara. Gari lililovuka mbele yenu salama halithibitishi kitu, limevuka dakika ya kwake.

Katika fani yetu kuna kanuni fupi ya lini utabiri ufuatwe. Gawanya gharama ya kujikinga kwa hasara utakayopata usipojikinga. Uwezekano ukizidi jibu hilo, jikinge. Kuchelewesha safari nusu siku kunawagharimu nini? Tuseme gari lenu ni sawa na nusu-siku mia moja za namna hiyo. Basi uwezekano wa asilimia moja tu wa kulipoteza unatosha kuwafanya msubiri, na hapo sijaweka watu waliomo ndani, ambao hawagawanyiki kwa kitu chochote. Ndiyo maana sibishani na mumeo kama ni 60 au 80. Kwa daraja la chini hata 20 ingenitosha.

Kwa hiyo, Jumamosi jioni someni kopo na taarifa mpya ya tahadhari, maana ya leo Ijumaa itakuwa imebadilishwa. Jumapili saa 12 asubuhi mpigieni mtu aliye karibu na daraja. Muulizeni mambo mawili: maji yako juu ya lami au chini, na yanapanda au yanashuka? Yakiwa juu ya lami, au yakiwa chini lakini yanapanda, mnabaki, hata kama kuna jua. Yakiwa chini na yameshuka mfululizo kwa saa kadhaa, na tahadhari imeondolewa, mnaweza kutoka, mchana tu, mkiwa na mafuta ya kutosha kugeuza.

Mkifika darajani simamisheni gari kabla yake, dereva ashuke atazame kwa miguu. Maji yaliyopita juu ya daraja hula udongo wa maingilio, pale lami inapokutana na zege, na lami hubaki imetandazwa juu ya shimo kama mkeka. Akae pembeni, asikanyage kwenye maungio, atazame kingo zote mbili kutoka upande. Akiona ufa unaokwenda sambamba na ukingo, au lami imebonyea hata kidogo, au udongo chini yake umeachia, geuzeni gari, na muwapigie simu wanaowasubiri mkiwa mmeshaanza kurudi.